Kilichokuwa Ndani ya Sindano

Mama Philomène hakuwa mtu wa kuogopa sindano. Waliomfahamu pale Mikelenge, mtaa wake wa Kindu, walijua kwamba vitu vinavyomtisha ni viwili tu: radi, na kikohozi chake mwenyewe. Kikohozi hicho kilimwingia kifuani msimu wa mvua uliopita. Kilianza kama mafua ya kila mtu, mafua ya kunywea maji moto na kulala mapema. Siku ya nne akawa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Siku ya sita alipelekwa hospitali, na huko alikaa siku kumi na saba akipumua kwa mpira uliotiwa puani. Alirudi nyumbani amekonda hata kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, kikawa kinamzunguka mara mbili, na tangu hapo cherehani yake ikawa haifanyi kazi zaidi ya nusu saa bila kupumzika, maana mwenye kuikanyaga alikuwa anahema.

Kwa hiyo Nathalie, binti yake aliyeolewa Kinshasa, alipopiga simu kusema kwamba iko chanjo ya mafua, ya kuchomwa kila mwaka, na kwamba farmasi moja ya Kindu imeletewa visanduku vichache kwa ndege, Philomène hakubishana naye.

"Mama, nimekwisha kuandikisha jina lako," Nathalie alisema. "Haziko nyingi. Wanatanguliza wazee na wenye magonjwa ya kifua."

"Miye njo mzee sasa?"

"Weye njo mwenye kifua."

Philomène alicheka, akakohoa, na kesho yake asubuhi akavaa kikwembe kizuri, akamuaga mumewe Ayoubu aliyekuwa akichambua mchele uani, akaenda.

Farmasi ilikuwa kwenye njia inayotoka sokoni kuelekea mtoni, nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma wa rangi ya kijani. Mwenyewe, Déborah, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyesomea dawa Kisangani, alikuwa ameweka benchi mbili barazani kwa ajili ya wenye kungoja. Ndani, nyuma ya rafu, kulikuwa na pazia jeupe, na nyuma ya pazia kiti, meza, friji ndogo ya sola, na mwanamume mzee mwenye koti jeupe na barakoa. Déborah alimwita Docta, basi na wengine wote wakamwita hivyo. Walisema alitibu wachimbaji huko Punia miaka mingi, na kwamba hata miezi mitatu haijatimia tangu arudi mjini.

Barazani walikuwa watu sita. Karibu na Philomène aliketi Mama Albertine, muuza mafuta ya mawese, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza soko, lakini asubuhi hiyo sauti ilikuwa imempotea kabisa. Alikuwa akisugua mkono wake wa kushoto kana kwamba umekwisha kuchomwa.

"Nitarudi kesho," alimnong'oneza Philomène. "Sindano na miye hatupatani. Na hiki kitu kimetoka mbali, nani anajua kiko na nini ndani?"

"Kaa, Mama Albertine," Philomène alisema. "Acha nikuambie sindano ni nini."

Na akaanza kusimulia. Alikuwa amekwisha kuisimulia habari hiyo mara nyingi, kanisani, kilioni, kwenye harusi za watu, na kila mara ilimtoka kwa utulivu uleule, kama mtu anayetoa ushuhuda.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na mbili, mji ulipozingirwa. Wenye silaha walioushika mji walikuwa ndani, wenye silaha wengine walikuwa msituni, na raia walikuwa katikati kama punje kwenye kinu. Njia za mashamba zilifungwa. Mwanamke aliyetoka kwenda kuchimba muhogo wake hakujua kama atarudi, na akirudi, hakujua atarudi na nini mwilini na moyoni. Chumvi iliadimika, sabuni ikasahaulika, watu wakapika mapapai mabichi. Ayoubu alikuwa amekwenda mji wa Kama kuchimba dhahabu kabla njia hazijafungwa, na huko akakwama mwaka na nusu bila hata barua. Philomène akabaki peke yake na watoto wawili, Nathalie na mdogo wake.

"Huyo mudogo akashikwa na homa ya kifua," alimwambia Albertine. "Mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta pumzi. Nikamubeba mpaka dispensari yetu ya pale Mikelenge. Muganga alikuwa mumoja tu aliyebaki, wengine wote walikimbia. Mutu wa makamo, mwembamba. Akaniambia: mama, imebaki chupa moja ya penisilini katika mji muzima, na hii nitampa mutoto wako. Akamuchoma. Mbele ya macho yangu."

"Akapona?" Albertine aliuliza.

"Hapana. Siku ya tatu Mungu alimuchukua. Lakini sikia, Mama Albertine. Wamama wangapi mwaka ule walizika watoto ambao hawakuonja hata kidonge? Wangu alikwenda na dawa mwilini. Nilifanya yote ya mama. Hiyo njo ilinifanya niweze kulala. Na nilipojifungua tena, vita vikiisha, mutoto mwanamume, nikamwita Jérémie, jina la ule muganga. Mupaka leo namuombea."

Nyuma ya pazia kitu cha chuma kilianguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Déborah aligeuza shingo. "Docta? Uko sawa?"

"Niko sawa," sauti ilijibu.

Albertine aliingia, akatoka akitabasamu kwa aibu, akisema hakusikia hata kitu. Ikawa zamu ya Philomène.

Nyuma ya pazia alikaa, akakunja mkono wa blauzi mpaka begani. Mzee hakugusa sindano. Alikuwa amesimama kampa mgongo, mikono yote miwili juu ya friji.

"Mutoto wako aliitwa Bénie," alisema.

Philomène aliinua uso. Barazani hakulitaja jina hilo. Hakuwa akilitaja mbele ya watu wasio wa nyumbani. Hilo alilibakiza kwa ajili yake mwenyewe.

"Alikuwa na miaka mitatu. Ulimufunga mgongoni na kikwembe cha njano, mvua ilikuwa inanyesha." Mzee aligeuka, akashusha barakoa. Uso ulikuwa wa mtu aliyekwisha kupigwa na jua la migodini, mashavu yameingia, nywele nyeupe. Lakini pengo la meno ya mbele, lile pengo dogo, lilikuwa palepale.

"Muganga Jérémie," Philomène alisema.

Furaha ilimjia kwanza. Baadaye, kati ya yote, hilo ndilo lililomuumiza zaidi kulikumbuka: kwamba alifurahi. Alisimama, akanyosha mikono yote miwili kumshika, machozi yamekwisha kufika machoni, na midomoni ile aksanti aliyoihifadhi miaka ishirini na miwili.

Mzee alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Usinishike, mama. Ngoja kwanza. Ukishanisikia, kama bado unataka kunishika, utanishika."

"Kwa nini unasema vile?"

"Ile chupa haikukuwa na penisilini."

Philomène alibaki na mikono hewani. "Ilikuwa na nini?"

"Maji. Maji ya kuchemsha."

Nje mtu alikuwa akimwuliza Déborah dawa ya minyoo. Philomène aliyasikia maneno hayo waziwazi, dawa ya minyoo, ya mtoto wa miaka mitano, na yale aliyoambiwa humu ndani hakuyasikia bado. Yalikuwa yamesimama mlangoni mwa masikio. Kisha yakaingia. Akakaa, kiti kikalia chini yake.

"Wiki moja kabla ya weye kuja," mzee alisema kwa sauti ya chini sana, "askari walikuja wakabeba kila kitu, hata pamba. Waliniachia sindano mbili na chupa tupu. Wamama wakaendelea kuja. Wa kwanza nilimwambia ukweli, kwamba dawa hakuna. Alikaa kwenye kizingiti na mutoto wake mapajani, hakuondoka, hakulia, ananitazama tu, mpaka mutoto akakata roho palepale. Wa pili alipokuja sikuweza tena. Nikajaza maji."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Majina yao yote ninayo. Nilikimbilia Punia kwa sababu ya hayo majina, na nimerudi kwa sababu ya hayo majina. Sikuwa na nguvu ya kutafuta mama hata mumoja. Leo nimekusikia unasema umempa mutoto jina langu."

Philomène alimtazama. Alitafuta hasira, hakuipata. Alitafuta machozi, nayo yalikuwa yamekauka. Kilichokuja badala yake kilikuwa sura ya mtu, sura ya kijana mwenye ndevu fupi na pikipiki nyekundu, Mike, mtoto wa jirani yake Jeanne. Mwaka ule Mike naye alikuwa na miaka mitatu. Wiki ileile, homa ileile, mbavu zikiingia ndani vilevile. Na jioni ya siku ile Bénie alipochomwa sindano, Jeanne alikuja mlangoni akisema: Philomène, kuna mwenye mtumbwi atakayevuka kwenda Alunguli alfajiri, ng'ambo kule kwa mapadri wanasema dawa bado iko, twende wote. Na yeye alimjibu nini? Alijibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: wangu amekwisha kuchomwa, dada yangu. Nisimpeleke kwenye baridi ya mtoni bure.

"Jirani yangu alinialika tuvuke kwenda Alunguli," alisema. "Nilikataa. Nilisema wangu ameisha kupata dawa."

Mzee aliinua kichwa. Ilionekana hakuelewa, kisha akaelewa, na Philomène aliona uso wake ukibadilika, kama wa mtu anayesomewa hukumu ya pili juu ya ile aliyoizoea.

"Ng'ambo dawa ilikuwako?" aliuliza.

"Ilikuwako. Mutoto wa jirani anaendesha pikipiki ya abiria hapa mjini. Ana watoto wawili. Nilicheza kwenye ndoa yake."

Mzee aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, na koti lake jeupe likakunjamana kifuani. "Sikujua," alisema. "Nilifikiri hakuna mahali popote. Nilifikiri ninawapa kitu."

"Ulinipa kitu," Philomène alisema. "Njo hicho nimelalia miaka yote."

Déborah alifungua pazia, akawakuta hivyo, mmoja kitini na mkono wazi begani, mwingine sakafuni. Philomène ndiye aliyesema, na sauti ilimtoka kavu, bila kutikisika, hata yeye mwenyewe aliishangaa.

"Mwanangu, njoo unichome weye. Lakini nionyeshe kwanza."

Déborah alifungua friji, akatoa kisanduku, akakifungua mbele yake. Alimwonyesha sindano iliyokuja imejazwa tayari kutoka kiwandani, muhuri haujaguswa, jina la chanjo, tarehe ya kuharibika. Alimwonyesha na kipima baridi cha friji. Philomène alisoma kila herufi, hata zile za lugha asiyoijua, akaomba asomewe tena tarehe. Kisha akasema: sawa. Sindano iliingia na kutoka. Alishusha mkono wa blauzi, akapita pembeni ya miguu ya yule mzee bila kuigusa, akatoka juani.

Alitakiwa kungoja dakika kumi na tano kwenye benchi, waone kama mwili utakataa chanjo. Alingoja. Watu walizungumza naye, akajibu, hakujua anajibu nini. Na katika dakika hizo jambo jingine likamjia, dogo, la kawaida, ambalo alikuwa analijua siku zote bila kulifikiria: mwaka ule wa vita, aliyekuwa akifagia dispensari ya Mikelenge na kuchemsha vyombo vya muganga alikuwa Jeanne.

Nyumba ya Jeanne na yake ziligawanywa na ua wa mianzi tu. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kitambaa kichwani, anaimba kwa pua. Jeanne alipomwona alitua mchi.

"Walikuchoma? Iliuma? Kaa, uso wako si muzuri."

Philomène hakukaa. "Muganga Jérémie amerudi Kindu. Njo yeye anachoma watu pale kwa Déborah."

Jeanne hakuuliza muganga Jérémie yupi. Aliushika mchi kwa mikono yote miwili, akautazama. Hapo Philomène alijua, kabla ya neno lolote.

"Ulijua," alisema.

"Yale maji nilichemsha miye," Jeanne alisema.

Kuku walikuwa wakiparua kando ya kinu. Mmoja alipanda juu ya mguu wa Philomène, akashuka.

"Aliniapisha," Jeanne aliendelea, bila kuinua macho. "Alisema wamama wakijua watakaa mlangoni kulia, na askari watakuja. Niliapa. Mike alipogonjwa sikumpeleka hata kumuchoma, kwa sababu nilijua. Nikatafuta mtumbwi. Nikaja kwako."

"Ulikuja kwangu. Na hukusema."

"Nilisema twende."

"Hukusema ni maji, Jeanne."

"Mama wa mwenye mtumbwi alikuwa amesimama na miye pale mlangoni. Ungepiga kelele. Nilifikiri nitakuambia asubuhi, kwenye njia. Ukasema hutakuja, ukafunga mlango. Nikasimama nje. Nilisimama muda murefu, Philomène. Halafu Mike akaanza kuhema vibaya, nikakimbia." Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono, sombe ikambaki shavuni. "Niliporudi ulikuwa umeisha kumuzika. Na neno la kwanza uliloniambia lilikuwa: Mungu ni mwema, alikwenda na dawa mwilini. Ningefanya nini? Ningekunyang'anya na hiyo?"

Philomène alitaka kusema kwamba ndiyo, ungeninyang'anya, ingekuwa haki yangu. Alitaka pia kusema kwamba hapana. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Aligeuka, akapita mlango wa ua, akaingia kwake, akamkuta Ayoubu bado na ungo wa mchele mapajani. Alimwambia weka chini hicho, akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa amesimama. Ayoubu, ambaye wakati wa kifo cha Bénie alikuwa kule mjini Kama na alipata habari miezi minane baadaye, alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, Ayoubu aliuliza jambo moja tu.

"Ungependa usingejua?"

"Sijui," Philomène alisema. "Niulize siku nyingine."

Hakumwuliza. Wiki ya kwanza Philomène alishona bila kusema na mtu. Muganga alituma ujumbe kupitia kwa Déborah kwamba ataondoka tena mjini iwapo mama atataka. Philomène alijibu kwamba asiondoke, kwamba kuna wamama wengine kumi, na kama anataka kuwatafuta, akae awatafute. Jérémie wake, mwalimu kule Kibombo, aliambiwa kwa simu, na akasema jina ni lake sasa, amelibeba miaka ishirini, halirudishwi. Na Jeanne? Jeanne alisalimia kila asubuhi kutoka ng'ambo ya ua wa mianzi, na kila asubuhi hakujibiwa. Hivyo mwezi ukapita, na wa pili.

Mvua zilipokuja, mafua yalikuja nazo. Mikelenge nzima ilikohoa. Philomène naye yalimgusa, akapiga chafya siku mbili, akaamka siku ya tatu mwepesi, anashangaa. Lakini asubuhi hiyo, akiwa anafagia, alisikia kikohozi cha ng'ambo ya mianzi. Alisimama na ufagio. Alikijua kikohozi kile kwa sababu kilikuwa kimekaa kifuani mwake mwenyewe: kikavu, kirefu, na mwisho wake ile filimbi nyembamba ya mtu anayevuta hewa isiyokuja. Mike alikuwa safarini, amepeleka abiria Obokote, na mkewe yuko kwao.

Philomène alifagia hatua tatu zaidi. Kikohozi kikarudi.

Aliegemeza ufagio, akamwita Ayoubu alete baiskeli, akapita mlango wa ua. Jeanne alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, midomo imekuwa rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka. Alimwona Philomène mlangoni na macho yake yakapanuka.

"Philo," alisema. "Nilitaka ku..." Pumzi ikamkatika.

Philomène aliinama, akampitisha mkono chini ya kwapa, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Nje Ayoubu alikuwa ameshika baiskeli, amefunga godoro dogo nyuma pa kukalia.

"Panda, Jeanne," Philomène alisema. "Tutaongea ukipata pumzi."